Kompyuta ndogo ya kazi na gemu: i7 kwenye stika haitoshi, soma namba yote

Wiki mbili zilizopita, baada ya kipindi cha asubuhi, uliingia ujumbe wa sauti kwenye simu ya studio kutoka kwa msikilizaji wetu aliye kijijini. Anataka kufungua steshenari karibu na sekondari ya kata. Mchana atachapa barua, atatoa kopi na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Jioni wanafunzi wakitoka, anataka kompyuta hiyohiyo iingize hela ya gemu, maana vijana wa pale hutembea hadi mjini kucheza mpira wa kwenye skrini. Kibanda ni kidogo, meza ni moja. Umeme wa gridi upo ila unakatika, hivyo ameweka na sola. Kwa kompyuta na skrini yake ana laki saba na nusu, alizopata kikoba chao kilipovunjwa.

"Dada mtangazaji," alisema, "mpwa wangu yuko Dar, amepita Kariakoo amekuta mashine mbili za mtumba, bei moja. Moja ni i7, nyingine ni i5. Si nichukue i7 tu, dada?"

Nilimwomba asitume hela kwanza. Nikamwambia mpwa arudi dukani atutumie namba kamili, si jina la kwenye stika. Jioni zikaja. Moja ilikuwa i7-3770. Nyingine, kisanduku kidogo unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja, ilikuwa i5-8500T. Kwa kazi aliyoitaja, mashine ya kuchukua kati ya hizo mbili ni i5. Wasikilizaji wengi walipiga simu kuuliza imekuwaje, na hewani muda ulikuwa mfupi. Haya hapa maelezo yenyewe.

Unachokijua tayari kutokana na simu yako

Kila kompyuta, kama ilivyo simu, ina kipande kimoja kinachofanya hesabu zote. Ukibonyeza herufi, ukifungua picha, ukipiga shuti kwenye gemu, kipande hicho ndicho kinachotekeleza. Hiyo ndiyo prosesa. Kwenye simu tunazotumia huku utasikia majina kama MediaTek, Unisoc na Snapdragon. Kwenye kompyuta za mezani, zile unazoweza kukutana nazo dukani, kampuni ni mbili hasa na zote ni za Marekani. Intel hutengeneza familia ya Core, AMD hutengeneza familia ya Ryzen.

Simu imeshakufundisha jambo ambalo wauza kompyuta wengi hawalisemi. Simu mbili zinaweza kuwa na GB zilezile, lakini ukifungua Free Fire moja inateleza na nyingine inaganda mkononi. Mara nyingi tofauti iko kwenye prosesa, na hasa kwenye ile sehemu ya prosesa inayochora picha. Kompyuta ndogo ya mezani iko hivyohivyo. Ndani ya kisanduku chake hakuna nafasi ya kadi ya picha ya kuongeza, kwa hiyo unapochagua prosesa umechagua na uwezo wa gemu palepale. Ukikosea hapo hakuna fundi atakayekurekebishia baadaye kwa kuchomeka kitu.

Namba inavyosomwa

i3, i5, i7 na i9 ni ngazi ndani ya kizazi kimoja. i7 ya mwaka 2012 ilikuwa ya juu kwa mwaka 2012. Haikuahidi chochote kuhusu leo. Kinachokuambia umri ni namba inayofuata baada ya kistari. Kwenye 3770, tarakimu ya kwanza ni 3, kwa hiyo hiyo ni ya kizazi cha tatu, na kizazi hicho kilitoka 2012. Kwenye 8500T ni kizazi cha nane, na prosesa hiyo ilitoka 2018. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama 12400, unasoma mbili za mwanzo: kizazi cha kumi na mbili, 2022. Kati ya mashine mbili alizoletewa mpwa kuna miaka sita, na bei ilikuwa moja.

Herufi ya mwisho nayo ina habari yake. T ni prosesa iliyopunguziwa ulaji wa umeme ili ikae kwenye kisanduku kidogo bila kuungua. K inaweza kuongezwa kasi na mwenyewe anayejua, lakini hutoa joto na haifai kwa kisanduku kidogo. F ndiyo ya kuogopa: prosesa yenye F haina sehemu ya picha kabisa. Ukiunganisha skrini kwenye kompyuta yenye i5-12400F bila kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi, na utadhani umeuziwa mbovu kumbe ni nzima.

Kwa AMD mambo yamegeuka kidogo. Pale herufi unaitafuta. Ryzen 5 5600G ina picha ndani, tena nzuri, kwa sababu ya ile G. Ukiona GE ni ndugu yake anayekula umeme kidogo zaidi. Ryzen 5 5600 isiyo na herufi haina picha hata kidogo. Kuanzia mfululizo wa 7000 nyingi za mezani zimewekewa picha ndogo ya kuwashia skrini tu, ambayo kwa ofisi inatosha ila usiitegemee kwa gemu. Tangu mwishoni mwa 2023 Intel imeanza kuacha ile "i", hivyo kwenye mashine mpya utaona Core Ultra 5 na majina ya namna hiyo. Kwa mwenye laki saba na nusu hizo tuziache kwanza.

Haya sikuyasoma darasani. Miaka kadhaa nyuma nilikusanya hela za ushereheshaji wa harusi nikanunua kompyuta ya kuhariria sauti nyumbani. Ilikuwa na stika ya i7 inang'aa. Nilipofika nyumbani ikawa inachukua dakika nzima kufungua faili la dakika tano. Fundi alipoiwasha na kuangalia ndani akacheka: ilikuwa i3 ya kizazi cha pili. Stika ilibandikwa na mtu tu. Niliporudi dukani nikaambiwa "mali ikishatoka haipokelewi". Stika hizo zinauzwa kwa shiti, kama zile za bodaboda.

Kwa kuchapa barua, zote mbili zinaweza

Niseme ukweli wa i7 ile, isionekane naiponda bure. Prosesa huwa na viini. Vifananishe na vibarua wa kupukuchua mahindi: wakiwa wengi, gunia linajaa haraka, mradi kazi inagawanyika. i7-3770 ina viini vinne, i5-8500T ina sita. Lakini i7 ile ina ujanja wa ziada, kila kiini hushika kazi mbili kwa zamu ili kisikae bure kikingoja, kwa hiyo kompyuta inaona kama nyuzi nane. Ukizilinganisha kwa kuchapa, kuchapisha na kufungua kurasa za mtandao, hutaona tofauti ya kukufanya uulize.

Kwa kazi hizo kuna kitu kinachoonekana kuliko ngazi ya prosesa. Mashine iwe na SSD, si hadi diski ya zamani inayozunguka. i3 yenye SSD itawaka na kufungua programu mapema kuliko i7 yenye hadi diski. Mteja amesimama kaunta na daladala inampigia honi, dakika mbili za kungoja kompyuta iwake ni mteja aliyeondoka.

Tatizo la i7 ya kizazi cha tatu lipo kwingine. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inatambua rasmi prosesa za Intel Core kuanzia kizazi cha nane, ukiondoa chache sana za nyuma, na Ryzen nyingi kuanzia mfululizo wa 2000. Mafundi wanajua njia za kuilazimisha kwenye mashine ya zamani, na inawaka, lakini Microsoft haikuhakikishii kwamba masasisho yataendelea kuja. Kwa mtu anayecheza gemu peke yake chumbani hilo si jambo la kukosa usingizi. Kwa steshenari ni tofauti. Watu watakuja kukupa namba zao za NIDA, maombi ya mkopo ya HESLB, vyeti vya RITA, nywila za Ajira Portal. Kompyuta isiyopata viraka vya usalama ikiingiliwa, wanaoumia ni majirani zako. Kuna njia ya tatu, kuweka Linux, ambayo ni bure na kwa ofisi inafanya kazi safi hata kwenye i7 ile. Ila gemu nyingi wanazozijua vijana wetu zilitengenezwa kwa Windows, na kuzilazimisha ni kazi ya mtu mwenye muda.

Gemu ndiyo inayoamua

Kabla ya kuuliza prosesa ipi, uliza gemu ipi. Nilimwuliza msikilizaji wetu, naye akawauliza vijana. Majibu yalikuwa matatu: mpira, GTA, na "ile mpya ya mpira".

Picha inayotembea kwenye gemu ni mfululizo wa fremu. Fremu 30 kwa sekunde macho yanakubali, 60 mchezo unateleza, chini ya 20 utasikia kelele za vijana nje ya kibanda. Anayechora fremu hizo kwenye kompyuta ndogo ni ile sehemu ya picha ndani ya prosesa, na Intel huiita kwa majina yake. i7-3770 ina HD 4000. i5-8500T ina UHD 630, yenye nguvu kubwa kuliko hiyo. Zaidi ya nguvu, HD 4000 kwenye Windows haifahamu DirectX 12, ile lugha ambayo gemu nyingi za miaka ya karibuni hutumia kuongea na sehemu ya picha. Gemu ya namna hiyo haitakwenda polepole kwenye i7 ile. Haitafunguka. Hata video za YouTube zina mkasa huo: UHD 630 ina kifaa ndani yake cha kuzifungua moja kwa moja kwa umeme kidogo, HD 4000 haina cha kufungulia mfumo wa VP9 ambao YouTube hupenda kutumia, hivyo viini vyenyewe vinabebeshwa mzigo na feni inaanza kulia.

UHD 630 inafika wapi? Kwa GTA San Andreas, PES za zamani mpaka ya 2017 kwa picha za chini, na Minecraft, vijana watacheza. GTA V inafunguka ukipunguza picha hadi 1280 kwa 720 na kushusha kila kitu, na bado itakwama kidogo magari yakijaa barabarani. "Ile mpya ya mpira" ni habari nyingine. Kwa EA Sports FC 24, kampuni yenyewe iliandika GeForce GTX 1050 Ti kuwa kadi ya chini kabisa upande wa NVIDIA, na hakuna picha ya ndani ya Intel ya kizazi cha nane inayoikaribia hiyo. Watu huilazimisha, lakini usimtoze mtu hela kwa mchezo unaokwama penalti inapopigwa.

Hapa ndipo AMD inapoingia. Kwenye prosesa zake za G na GE waliweka sehemu ya picha iitwayo Radeon Vega, na ile ya Ryzen 5 3400G au 3400GE ina nguvu mara mbili au zaidi ya UHD 630. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha GTA V inayokwama na GTA V inayochezeka kwa skrini nzima ya 1920 kwa 1080 ukiwa umeshusha picha kiasi. Ryzen 5 5600G, iliyotoka 2021 ikiwa na viini sita na nyuzi kumi na mbili, inaipita kidogo kwa picha na kuipita sana kwa kazi. Na kuanzia Januari 2024 kuna Ryzen 7 8700G, yenye Radeon 780M, inayobeba hata gemu nyingi mpya bila kadi, ila hiyo ni ya mwenye kuunganisha kompyuta mpya kwa hela ya kutosha.

Habari njema kwa wanunuzi wa mtumba ni kwamba Ryzen hizi nazo zilifungwa kwenye visanduku vidogo vya maofisini. Lenovo ina ThinkCentre M75q, HP ina EliteDesk 705 na 805 za umbo dogo. Si nyingi kama za Intel, kwa sababu maofisi mengi ya Ulaya na Marekani yalizoea Intel, kwa hiyo mpwa itabidi azunguke. Angalizo moja: baadhi ya EliteDesk 705 zina 2400GE, ambayo picha yake ni nzuri lakini haipo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Tafuta iliyoanzia na 3 kwenda juu.

Kuna anayesema, basi si nichukue i7 ya zamani niiwekee kadi ya picha? Swali ni zuri, na linategemea sanduku. Zile ndogo kabisa, Dell wanaziita Micro, HP wanaziita Mini na Lenovo wanaziita Tiny, kwa kawaida hazina pa kuchomeka kadi. Zile za umbo la kati, zinazolala kama deki ya video ya zamani, mara nyingi zina nafasi ya kadi fupi. Nafasi hiyo hutoa umeme usiozidi wati 75, kwa hiyo kadi lazima iwe fupi na isihitaji waya wa umeme wa ziada. Baadhi ya GTX 1650 zilitengenezwa hivyo, na kwa gemu zinaishinda hata 5600G. Mwenye nafasi ya meza na umeme wa uhakika, sanduku la kati lenye i5-8500 na kadi kama hiyo ndilo chaguo langu kabla ya yote niliyotaja. GT 1030 ni nafuu zaidi, ila kuna mbili zenye jina hilohilo: yenye memori ya GDDR5 na yenye DDR4. Ya DDR4 ni dhaifu mno kwa gemu, na kwenye boksi tofauti imeandikwa kwa herufi ndogo.

Memori mbili, si moja

Hili ndilo wengi hawaambiwi. Sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa haina memori yake. Inakopa kutoka kwenye memori ya kompyuta, ile RAM unayotajiwa kwa GB, na inaichota kwa kasi kubwa sana. Kipande kimoja cha memori ni njia moja ya kwenda kisimani. Vipande viwili vinavyofanana ni njia mbili, maji yanafika maradufu. Kwa kuchapa barua hutaona tofauti. Kwa gemu kwenye Ryzen yenye Vega utaiona palepale, kwa sababu mchoraji alikuwa anakaa akisubiri ndoo.

Kwa hiyo 8GB ya vipande viwili vya 4 ni bora kwa gemu kuliko 8GB ya kipande kimoja. Ukiweza, weka viwili vya 8 upate 16, kwa sababu Windows 11 yenyewe ina njaa, na sehemu ya picha ikishakopa GB mbili katika nane, kinachobaki ni kidogo. Visanduku vidogo hutumia memori fupi za laptop, si zile ndefu za kompyuta ya mnara. Usinunue kabla ya kufunua kifuniko.

Umeme na joto

Intel waliipimia i7-3770 wati 77 na i5-8500T wati 35. Namba hizo ni kipimo cha joto linalopaswa kuondolewa prosesa ikifanya kazi nzito, si bili yako, maana muda mwingi kompyuta inangoja tu. Tupige mfano. Chukua mashine ya zamani inayovuta wastani wa wati 60 na ndogo inayovuta wastani wa 20. Kwa saa 10 za kazi ya kwanza inakula uniti 0.6, ya pili 0.2. Kwa siku 26 za mwezi tofauti ni uniti 10.4. Zidisha kwa bei unayonunulia LUKU.

Kwenye sola maumivu yanaonekana mapema zaidi. Betri ya volti 12 na Ah 100 hubeba kama wati-saa 1,200, na ile ya risasi haipendi kushushwa zaidi ya nusu. Una 600 za kutumia. Ongeza skrini ya wati 20 kwenye kila mashine. Ile ya zamani inakuwa 80, inakupa saa saba na nusu. Ndogo inakuwa 40, inakupa saa 15. Toa kidogo kwa kinachopotea kwenye inveta, na kumbuka gemu zikianza ulaji unapanda. Na tafadhali, printa ya leza usiiweke kwenye inveta hiyo ndogo. Inapopasha joto huvuta mamia ya wati kwa mpigo, nimeona inveta ikizima kibanda kizima kwa ajili ya karatasi moja.

Kwa anayetaka kutoboa mwezi kwa sola peke yake na gemu si muhimu, kuna visanduku vipya vyenye Intel N100, ya mwaka 2023, viini vinne, imepimiwa wati 6. Kwa ofisi inatosha kabisa. Gemu ni zile za zamani tu.

Joto ni suala la vumbi. Kisanduku kidogo kina feni ndogo na matundu madogo, na vumbi la barabara yetu au la mashine ya kusaga jirani huziba hayo matundu ndani ya wiki chache. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe isiungue, na hapo utasema umeuziwa mbovu. Iweke juu ya meza, usiisukumie ukutani, ipulize mara kwa mara ikiwa imezimwa. Angalia pia chaja. Visanduku hivi hutumia chaja ya nje kama laptop, na vyenye prosesa ya wati 65 hudai chaja kubwa kuliko vyenye T au GE. Chaja ndogo itawasha mashine, kisha itaizima au kuinyima kasi gemu inapokolea.

Kukagua ukiwa mbali

Wengi wetu tunanunua kupitia ndugu, mzigo unakuja kwa basi. Mwambie ndugu awashe mashine dukani, ashike kitufe cha Windows pamoja na R, aandike dxdiag, abonyeze Enter. Ukurasa wa kwanza utaonyesha jina kamili la prosesa na kiasi cha memori, wa pili utaonyesha sehemu ya picha. Apige picha ya kurasa zote mbili akutumie WhatsApp. Namba utakayoiona iandike kwenye utafutaji wa simu yako pamoja na neno Intel au AMD, ufungue tovuti ya kampuni yenyewe. Utaona mwaka, viini, wati, na kama ina picha ndani. Dakika tatu, na bando la kurasa chache. Kisha afunue kifuniko ahesabu vipande vya memori, na aache video icheze angalau dakika 20 huku mkono uko karibu na feni. Muuzaji asiyekubali mashine iwashwe, mwache na mashine yake.

Mpwa aliyafanya haya. Ile i5-8500T ilikuwa kweli 8500T, ina SSD, lakini 8GB zake zilikuwa kipande kimoja. Kwenye duka jingine alipata M75q yenye 3400GE, ila bei ilizidi kwa zaidi ya laki moja, na skrini ilikuwa bado haijanunuliwa. Nilimwambia msikilizaji wetu kwamba kama gemu ndiyo ingekuwa biashara kuu, ningemshauri angoje aongeze hiyo laki. Alifikiri siku mbili.

"Dada, fomu ndizo zitanilisha," aliniambia. "Vijana wataanza na San Andreas, ile mpya ya mpira watanisubiri."

Amechukua i5, na kilichobaki baada ya kununua skrini ya mtumba akaongezea kipande cha pili cha 8GB. Mzigo ulipandishwa basi Jumanne usiku, ukiwa na chaja yake ya asili, kwa sababu mpwa nusura apewe ya laptop.